Namna ya Kulisoma Jengo kwa Penseli, Ukimfuata Mackintosh

Chagua jengo moja. Liwe karibu na kwako kiasi cha kulifikia kwa miguu, maana utalirudia mara nyingi, asubuhi na jioni, jua likiwaka na mvua ikinyesha. Si lazima liwe zuri. Langu la kwanza lilikuwa duka la zamani hapa Jinja, Uganda, moja ya yale yaliyojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi, lenye jina na mwaka vilivyofinyangwa kwa saruji juu kabisa ya ukuta wa mbele, baraza yenye nguzo upande wa barabara, na ua mrefu nyuma. Nilikuwa nimepita mbele yake miaka kumi na tano bila kujua kwamba lina ua.

Kisha chagua msanifu majengo mmoja akuongoze, usome maisha yake huku ukichora. Mimi nilimchagua Charles Rennie Mackintosh wa Glasgow, Uskoti. Vijana ninaowafundisha huniuliza, “Aunti, huyu Mzungu wa nchi ya baridi, ambaye hakujenga hata choo Afrika, atatufaa nini?” Huwajibu kwa kuwaambia nilikotoka. Nilizaliwa kambi ya polisi. Baba alikuwa koplo, na tulilala watu tisa ndani ya yuniporti, kile chumba cha bati cha duara kinachochemka mchana na kutoa jasho usiku. Kiswahili changu ni cha kambi hiyo. Siku niliposoma kwamba Mackintosh naye alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa polisi, karani, na wa nne kati ya watoto kumi na mmoja, aliyezaliwa tarehe 7 Juni 1868 katika mtaa wa Townhead, niliketi vizuri nikasoma mpaka mwisho. Na niliposoma jinsi alivyojifunza kazi, nikaona kwamba hata kijana wa Walukuba, mtaa wa hapa Jinja, anaweza kufanya vivyo hivyo.

Mwaka 1884, akiwa na miaka kumi na sita, aliingia ofisi ya msanifu aitwaye John Hutchison kama mwanafunzi wa kazi. Mchana alichora ya ofisi, jioni akaenda darasani kwenye Shule ya Sanaa ya Glasgow. Mwaka 1889 akahamia kampuni ya Honeyman na Keppie, akaendelea na madarasa ya jioni. Mwaka 1890 alishinda zawadi ya pauni 60 ya kusafiri, na 1891 akaenda Italia, akazunguka Roma, Florence, Venice na miji mingine akiwa na madaftari ya kuchorea. Ukiyatazama madaftari yake utaona kwamba hakuchora makanisa mazima tu. Alichora kitasa, bawaba, kona ya dirisha, pembe ya kaburi. Aliporudi nyumbani alifanya hivyohivyo kwa nyumba za mashambani za Uskoti na Uingereza, nyumba ambazo wenyewe hawakuziona kuwa na la ajabu. Chuo Kikuu cha Glasgow, katika jumba lake la Hunterian, kinatunza michoro yake mingi, na mingine unaweza kuiona kwenye intaneti hata kwa simu. Tazama michache kabla hujaanza, uone jinsi mstari wake ulivyo mwembamba na usiositasita.

Vifaa ni vichache. Daftari lisilo na mistari, dogo la kuingia mfukoni au mkobani, lenye jalada gumu ili uweze kuchora ukiwa umesimama. Penseli mbili, HB kwa mistari na 2B kwa vivuli. Tepu ya mita tano ni yako. Ile ya mita thelathini utaazima kwa fundi mwashi. Kamba na jiwe dogo, hiyo ndiyo timazi yako. Kifutio kiache nyumbani wiki mbili za kwanza. Mstari ukikosea, chora mwingine pembeni yake, kosa libaki ulione.

Sasa, kabla ya kuchora, omba ruhusa. Naomba hapa unisikilize kwa makini, maana ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anayesimama mbele ya jengo akiandika vipimo, watu wa hapa huelewa jambo moja tu: kuna anayetaka kununua kiwanja, au kubomoa, au kufukuza wapangaji. Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la serikali ya mtaa. Msalimie, mweleze jina lako na unakokaa, mwonyeshe daftari. Kisha nenda kwa mwenye nyumba, na kwa wapangaji pia, si kwa mwenye nyumba peke yake. Kambi za polisi na za jeshi, bwawa la umeme, daraja, usiziguse kabisa.

Mackintosh mwenyewe aliingia kwenye shida hiyo. Mwaka 1914 yeye na mkewe Margaret Macdonald, ambaye alikuwa msanii mwenzake, waliondoka Glasgow wakaenda kupumzika kijiji cha Walberswick, pwani ya mashariki ya Uingereza. Vita vikaanza. Mgeni mwenye lafudhi ya Kiskoti, anayetembea jioni ufukweni, na ambaye barua zake nyingine zimetoka Vienna, mji mkuu wa Austria, iliyokuwa upande wa Ujerumani vitani! Wanakijiji walimshuku kuwa ni jasusi wa Wajerumani, wanajeshi wakapekua vitu vyake, na mwaka 1915 akalazimika kuondoka. Barua hizo zilikuwa za wasanii wenzake, kwa maana mwaka 1900 yeye na Margaret walionyesha kazi zao Vienna na kupokelewa kwa heshima kubwa. Hakuwa na kosa lolote, na bado iliumiza. Salamu zako za dakika kumi kwa mwenyekiti zitakuepusha na hayo.

Siku ya kwanza usipime. Keti. Mwaka 1902 mchapishaji wa vitabu aitwaye Walter Blackie alimwita Mackintosh amjengee nyumba Helensburgh, nayo ndiyo Hill House inayojulikana hadi leo. Kabla ya kuchora lolote, Mackintosh alikwenda kwanza nyumbani kwa akina Blackie, huko Dunblane walikokuwa wakikaa, awaone wanaishije. Halafu akaanza na mpango wa ndani. Sura ya nje ikaja baadaye, imefuata vyumba. Kwa hiyo nawe chukua ukurasa, uandike saa pembeni kuanzia saa moja asubuhi, na mbele ya kila saa uandike nani yuko wapi na anafanya nini. Jerikani za maji zinapangwa wapi? Sigiri, lile jiko la makaa, inawashwa wapi mvua ikinyesha? Mgeni anaketishwa wapi, na watoto wanafanyia wapi kazi za shule?

Kwenye lile duka langu, ukurasa huo ulinifunza kuliko vipimo vyote. Jiko la zamani lililo mwisho wa ua lilikuwa limepangishwa kwa fundi wa redio, kwa hiyo mama wa nyumba alipikia kwenye ujia, na moshi ulikuwa umeupaka ukuta weusi mpaka urefu wa bega. Mtu asiyeketi pale angeandika tu kwamba ukuta ni mchafu.

Siku ya pili pima. Anza kwa hatua zako, upate picha ya haraka, halafu tepu. Usipime kipande kwa kipande, dirisha peke yake, kisha ukuta, kisha mlango. Laza tepu toka kona hadi kona, iache imelala, usome juu yake kila ukingo wa mlango na dirisha kwa mfululizo. Ukipima vipande vinane na kila kimoja ukakosea sentimita moja, mwisho wa ukuta umepoteza sentimita nane na hujui zimepotelea wapi. Chumba nacho kinaweza kuonekana kimenyooka na kisiwe hivyo: pima kona kwa kona, mara mbili, kwa kupishanisha. Vipimo viwili vikitofautiana, chumba kimepinda, nawe kichore kilivyopinda. Unene wa ukuta upime mlangoni. Urefu wa kwenda juu usiofikika, pima mistari mitano ya matofali pale chini, kisha hesabu mistari yote hadi juu. Ukuta ukiwa na plasta, mwombe mwenzako asimame karibu yake, umtumie yeye kama kipimo.

Kisha chora mkato. Fikiria umelipasua jengo kama papai, toka paani hadi msingini, nusu moja umeiondoa. Wanafunzi wangu huukwepa mchoro huu kuliko yote kwa sababu unakulazimisha kukiri ambacho hujakiona: dari ina nini juu yake, sakafu imeinuliwa kiasi gani, paa limeshikwa na nini. Pasipojulikana, acha peupe, urudi kuangalia.

Baada ya hapo ndipo uangalie jua. Jengo kubwa la Mackintosh ni ile Shule ya Sanaa ya Glasgow, aliyosomea mwenyewe jioni. Shindano la kusanifu jengo lake jipya lilikuwa mwaka 1896, na kampuni yake ikashinda kwa michoro yake. Madirisha makubwa mno ya vyumba vya kuchorea aliyaelekeza kaskazini, kwa sababu kule kwao mwanga wa kaskazini ni mtulivu, jua lenyewe haliingii. Mbele ya madirisha hayo aliweka vyuma vilivyokunjwa kama mashina yenye maua, na vyuma hivyohivyo vilikuwa mahali pa kuegemezea ngazi au ubao wa msafisha vioo. Hilo la pambo kufanya kazi lichukue. La kaskazini usilichukue. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta: Juni jua liko upande wa kaskazini, Desemba limehamia kusini, na saa sita mchana liko karibu na utosi. Linalotuchoma ni jua la asubuhi na la jioni. Kwa hiyo kwenye mchoro wako andika wazi mashariki iko wapi, na uweke alama pale jua linapogusa sakafu saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni. Nyumba nzuri ya huku ina kuta fupi mashariki na magharibi, na madirisha yake yanatazama kaskazini na kusini chini ya upenu mpana. Wenye maduka ya zamani walilijua hilo; baraza zao zinalinda ukuta na mteja kwa pamoja.

Jambo lingine kwenye shule hiyo litakugusa kama wewe ni wa huku. Pesa hazikutosha. Nusu ya mashariki ilijengwa 1897 hadi 1899, kazi ikasimama. Nusu ya magharibi ilianza 1907 ikamalizika 1909. Tazama mitaa yetu: kila nyumba ya tatu ina vyuma vinavyochungulia juu ya zege, ghorofa inayosubiri mwaka wenye neema. Mackintosh aliutumia ule muda. Aliporudi kujenga hakurudia michoro ya 1896. Aliichora upya, na maktaba ya upande wa magharibi, yenye nguzo na mihimili ya mbao iliyosimama kama msitu, ndiyo iliyompa sifa kubwa. Kwa hiyo mteja wako akisimama kwa kukosa pesa, usifunge faili. Nenda ukaone waliohamia nusu ya kwanza wanaitumiaje, uwachoree nusu ya pili upya.

Sasa maji. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea mimi, na hapa ndipo alipokosea yeye.

Hill House ilikamilika 1904. Blackie alitaka kuta za kijivu zenye plasta ya kuparuza na paa la mawe bapa, na uzuri utokane na umbo la nyumba lenyewe, si mapambo. Mackintosh akazipaka kuta saruji ya Portland, kitu kipya kwa kazi hiyo wakati ule, badala ya chokaa ya jadi. Tena alitaka mistari safi, kwa hiyo sehemu nyingi za juu ya kuta hazikupewa kofia ya kumwaga maji mbali. Saruji ngumu ikapasuka nyufa nyembamba. Maji ya mvua ya Uskoti yakaingia kwenye nyufa, na kwa kuwa saruji haipumui kama chokaa, hayakupata njia ya kutoka. Zaidi ya miaka mia moja ukuta umekuwa ukinywa maji. Mwaka 2019 shirika la hifadhi linaloimiliki, National Trust for Scotland, liliifunika nyumba nzima kwa kibanda kikubwa chenye paa, na kuta zake ni wavu wa pete ndogo za chuma, zaidi ya milioni 30, ili upepo upite na ukuta ukauke taratibu huku wakitafuta dawa. Wageni hupanda ngazi na kuizunguka nyumba kwa juu, ndani ya wavu. Nyumba nzuri kuliko zote alizochora, imevalishwa koti la mvua!

Mimi nilichora nyumba Bugembe, miaka kumi na moja iliyopita, nikiwa katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Mteja alitaka paa lililofichwa nyuma ya ukuta, lisionekane barabarani, kama nyumba za kwenye picha. Bosi alikubali. Mimi nilijua gata, mfereji wa maji ya paa, iliyo ndani ya ukuta huzibwa na majani, lakini nilitaka mistari safi, nikachora ukuta wa juu bila kofia na bomba moja tu la kutolea maji. Msimu wa pili wa mvua dari ya chumba cha watoto ilianguka. Hakuna aliyeumia, walikuwa shuleni. Nilikwenda kuiona, nikasimama kwenye yale maji, na tangu siku ile sichori ukuta wa juu bila kuuwekea kofia yenye mteremko na mfereji mdogo chini ya ukingo wake, maji yadondoke mbali na plasta.

Kwa hiyo siku mvua inaponyesha, chukua mwavuli uende kwenye jengo lako. Chora tena ule mchoro wa mbele, lakini safari hii chora maji tu. Weka mishale: yanatoka wapi, yanapita wapi, yanadondokea wapi. Angalia gata inapofurikia. Angalia chini ya ukuta, pale matone yanaporusha udongo, uandike mstari wa matope una urefu wa sentimita ngapi. Kesho yake asubuhi gusa kuta za ndani kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja; mgongo wa mkono huhisi ubaridi wa unyevu mapema. Ukuta wa zamani wa tofali laini uliopigwa plasta ngumu ya saruji, ugonge kwa kidole: ukisikia sauti ya debe tupu, plasta imeachana na tofali na maji yameketi katikati.

Ukimaliza kila ukurasa, utie alama. Mackintosh alipokuwa Walberswick alichora maua na mimea, na ndani ya kila mchoro akaweka kisanduku kidogo: jina la mmea, mahali, mwaka, na herufi za majina ya waliokuwapo. Mara nyingi utaona herufi zake na za Margaret pamoja, ingawa mkono ni wake. Nalipenda sana jambo hilo. Weka kisanduku chako: mtaa, tarehe, saa, hali ya hewa, herufi zako na za aliyekushikia tepu. Binti wa dada yangu ana herufi zake kwenye kurasa zaidi ya arobaini za madaftari yangu, na kwa haki, maana bila yeye tepu isingelala sawa.

Linda pia jina lako kazini. Kazi nyingi kubwa za Mackintosh zilitoka ofisini kwa jina la Honeyman na Keppie, yeye akiwa mchoraji wa kuajiriwa. Jina lake liliingia kwenye jina la kampuni baada ya miaka. Hapa Uganda ramani huhitaji muhuri wa msanifu aliyesajiliwa, na hiyo ni sheria nzuri, inalinda watu. Lakini mchora ramani naye ana haki ya kuandikwa chini ya karatasi kwamba ndiye aliyechora. Omba hilo kwa heshima siku ya kwanza ya kuajiriwa, si siku ya ugomvi.

Usicheleweshe. Maktaba ile ya Shule ya Sanaa iliteketea tarehe 23 Mei 2014. Mafundi wakaanza kuirudisha kwa kufuata michoro, picha na vipande vilivyookotwa kwenye majivu, na kazi ilikuwa imesonga mbele, kisha Juni 2018 moto wa pili ukala karibu jengo zima. Nasi tunayajua haya. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 Muzibu Azaala Mpanga, nyumba ya makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, Kampala, iliungua, na ujenzi wake ulichukua zaidi ya miaka kumi. Nilikuwa nimeitembelea Kasubi mara mbili kabla ya hapo, mikono mitupu. Duka langu la Jinja nalo halipo tena. Pamesimama ghorofa lenye vioo vya buluu. Mama aliyepikia kwenye ujia alihamia Masese, nikampelekea nakala ya michoro, akakitafuta kwa kidole kile chumba alichozalia kifungua mimba wake, akakipata.

Mackintosh hakurudi tena kujenga Glasgow. Kazi yake kubwa ya mwisho ilikuwa kuibadilisha nyumba nyembamba ya Northampton, 78 Derngate, mwaka 1916 na 1917. Mwaka 1923 yeye na Margaret walihamia kusini mwa Ufaransa, ambako gharama za maisha zilikuwa ndogo, na huko Port-Vendres alichora kwa rangi za maji mawe, ngome na nyumba zilizoshikana na milima, kwa macho yaleyale ya msanifu. Alikufa London tarehe 10 Desemba 1928, akiwa na miaka 60.

Daftari lako likifika ukurasa wa mwisho, uache mtupu. Subiri mvua ya Aprili au ya Oktoba, ile inayopiga mabati mpaka hamsikilizani. Ikikatika, rudi kwenye jengo, piga hodi, uombe kuona dari ya chumba cha nyuma, na uchore ulichokikuta.